Labrys: shoka la makali kuwili na neno lisilo na kwao

"Nasimamia klabu ya historia katika shule ya sekondari. Kwa miaka sita nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba jina la ule mzingile mwambiji wa kisiwa cha Krete, labyrinthos, maana yake ni 'nyumba ya shoka la makali kuwili', kwa sababu Wagiriki wa kale waliliita shoka hilo labrys. Mwezi uliopita binti mmoja aliinuka akauliza: 'Mwalimu, mbona nimeangalia kamusi ya Kigiriki nikakuta shoka ni pelekys?' Nikakosa jibu. Nilipotafuta, nikakuta mmoja anasema labrys ni neno la Kilidia, mwingine anasema limetoka katika Kilatini labrum, mdomo, kwa kuwa makali ya shoka hilo yamekaa kama midomo miwili, na wa tatu anasema ni neno la Waminoa wenyewe, wenyeji wa kale wa Krete. Wote wanaandika kwa uhakika. Je, nimekuwa nikiwadanganya watoto? Na inakuwaje wataalamu washindwe na kitu kidogo kama jina la shoka? Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mbao. Kila chombo mkononi mwake kilikuwa na jina lake, na hakuna aliyebishana nalo."

Mwalimu mwenzangu, kwanza nikutue mzigo. Hukuwadanganya watoto. Kudanganya ni kusema jambo huku ukijua si kweli. Wewe ulisema lililomo katika vitabu vingi vya watu wenye majina makubwa, na limerudiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo binti yako amegusa penyewe, na ulilokuwa ukilisema linahitaji kurekebishwa. Katika swali lako naona mambo matatu yamefungwa fundo moja: shoka lenyewe, neno labrys, na neno labyrinthos. Ukilifungua fundo hilo utakuta kwamba la kwanza lina ushahidi tele, la pili linasimama juu ya sentensi moja, na la tatu ni dhana ya wasomi wa karne ya 19 ambayo karne ya 20 haikuitendea wema.

Tuanze na shoka, maana hapo uko salama. Huko Krete, enzi za majumba makubwa ya Waminoa, takriban kati ya mwaka 1900 na 1450 kabla ya Kristo, shoka la makali kuwili lilikuwa kila mahali. Limechongwa kwenye nguzo za mawe za jumba la Knossos, limechorwa kwenye mitungi, limefuliwa kwa dhahabu likawa dogo kama kidani. Mwaka 1934 mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alifukua katika pango la Arkalochori mashoka ya shaba, fedha na dhahabu, likiwamo moja la shaba lenye safu za alama ambazo hadi leo hakuna aliyezisoma. Huko Nirou Chani, karibu na bahari, yalipatikana mashoka ya bamba la shaba yenye upana unaozidi mita moja. Baba yako angeyatazama mara moja tu akajua hayakutengenezwa kwa ajili ya kuni: bamba ni jembamba mno, lingepinda kwa pigo la kwanza. Hayo ni mashoka ya ibada. Kwa hiyo ukiwaambia wanafunzi kwamba shoka hili lilikuwa na heshima ya kidini Krete, waambie bila wasiwasi.

Tusichokijua ni hao Waminoa waliliitaje. Mwandiko wao, unaoitwa Linear A, haujasomeka kwa maana, na lugha yao haijulikani ni jamaa ya lugha gani. Mtu anayekuambia labrys ni neno la Waminoa hana maandishi ya Kiminoa ya kukuonyesha yenye neno hilo. Anakisia, kisha anasahau kusema kwamba anakisia.

Sasa neno. Binti amesema kweli: neno la kawaida la Kigiriki la shoka ni pelekys, na liko tangu maandishi ya kale kabisa ya fasihi yao. Katika Odisea, utenzi wa Homer, mashoka 12 ambayo Penelope anawawekea wachumba wake, ili mshale upite katikati yake, ni pelekys. Kuna mahali pengine penye faida zaidi kwetu. Katika wimbo wa 23 wa Iliadi, utenzi wake mwingine, shujaa Akile anaweka zawadi za mashindano ya kulenga shabaha: mshindi apate pelekys kumi, na wa pili apate hemipelekka kumi, yaani "nusu-pelekys". Fikiri kidogo juu ya neno hilo. Kama shoka la makali upande mmoja linaitwa nusu ya pelekys, basi pelekys kamili ni lipi? Ni lile la makali kuwili. Kwa maneno mengine, Mgiriki alikuwa na jina la shoka lako tayari, jina la kila siku, na halikuwa labrys.

Labrys basi limetoka wapi? Kamusi kubwa za Kigiriki zinapolieleza zinakupeleka mahali pamoja: kwa Plutarch, mwandishi wa mji wa Chaeronea aliyeishi karne ya kwanza na mwanzoni mwa karne ya pili baada ya Kristo. Ana kitabu cha maswali na majibu kuhusu desturi za Wagiriki, na swali la 45 linauliza: kwa nini sanamu ya Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki, wa Labraunda, huko Karia, imeshika shoka badala ya fimbo ya enzi au radi? (Karia ni nchi ya kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo. Lidia iko kaskazini yake.) Jibu lake ni hadithi. Herakle alipomuua Hippolyta, malkia wa wanawake mashujaa, alichukua shoka lake akampa Omfale wa Lidia. Wafalme wa Lidia wakalirithi mmoja baada ya mwingine, wakalibeba kama kitu kitakatifu, mpaka likamfikia Kandaule, ambaye hakulijali, akampa mwenzake alibebe. Gyge alipoasi, alikuja kumsaidia mtu wa Karia aliyeitwa Arselis, kutoka mji wa Mylasa. Arselis akamuua Kandaule na yule mbeba shoka, akalichukua kwao pamoja na nyara nyingine, akatengeneza sanamu ya Zeu, akaiwekea shoka mkononi, akamwita mungu huyo Labrandeus. Kisha Plutarch anaongeza kwamba Walidia huliita shoka labrys.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mtaji wote. Angalia inachosema: Walidia ndio walioita shoka hivyo. Haimtaji Mgiriki wala mtu wa Krete, haimtaji Minotauro, yule nusu mtu nusu ng'ombe wa hadithi ya mzingile, haitaji mzingile. Angalia pia umbali wake. Kati ya majumba ya Waminoa kuanguka na Plutarch kushika kalamu kuna miaka 1,500 na zaidi, na kati ya Krete na Karia kuna bahari.

Je, tumwamini hata kuhusu Kilidia? Nataka nikupimie kwa haki. Upande mmoja, Plutarch alikuwa msomaji mkubwa na hakuwa na sababu ya kubuni neno. Kilidia kilikuwa lugha halisi, jamaa ya Kihiti, lugha ya kale ya Uturuki ya leo, na maneno yake kadhaa yamehifadhiwa na waandishi wa Kigiriki kwa namna hii hii. Upande mwingine, maandishi ya Kilidia tuliyonayo ni machache, zaidi kidogo ya mia moja, mengi yametoka katika mji wa Sardi na mengi ni ya makaburini, na labrys halijaonekana humo. Kutoonekana si hoja nzito sana. Ukisoma maandishi mia ya makaburi ya pwani yetu, huenda usikutane na neno shoka hata mara moja, na mashoka yapo kila nyumba. Linalonitia shaka zaidi ni sura ya hadithi yenyewe. Ni hadithi iliyotengenezwa kueleza jina. Kuna mahali panaitwa Labraunda, kuna sanamu yenye shoka, mtu anauliza kwa nini, na jibu linazaliwa: kwa sababu labrys ni shoka. Inawezekana neno lilitangulia likaleta jina. Inawezekana pia jina lilitangulia likamvuta mtu kulipa maana.

Kwamba watu wa zamani walikuwa wakilitafutia jina hilo maana tunajua, kwa kuwa jibu jingine limebaki. Aelian, aliyeandika yapata karne moja baada ya Plutarch, anasema Zeu huyo ameshika upanga, na kwamba aliitwa Labrandeus kwa sababu aliteremsha mvua kubwa, kutokana na neno la Kigiriki labros, kali, yenye nguvu. Shoka halimo kabisa. (Huyo huyo Aelian anasimulia kwamba kwenye chemchemi ya hekalu hilo walikuwamo samaki waliozoea watu, wamevishwa hereni na mikufu ya dhahabu. Ukiwapa wanafunzi hadithi hiyo hawatausahau mji wa Labraunda.) Mahali penyewe pako, karibu na mji wa Milas, na wanaakiolojia kutoka Sweden walianza kupachimba mwaka 1948. Sarafu za watawala wa Karia wa karne ya nne kabla ya Kristo zinamwonyesha Zeu akiwa na shoka la makali kuwili begani, kwa hiyo sanamu ya Plutarch haikuwa ya kufikirika.

Sasa tuone namna neno la Karia lilivyosafirishwa hadi Krete, kwa sababu hapo ndipo uliposomea somo lako. Mwaka 1892 msomi Mjerumani, Maximilian Mayer, alipendekeza kwamba labyrinthos limejengwa juu ya labrys. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameifukua Knossos. Miaka minane baadaye, Machi 1900, Mwingereza Arthur Evans alianza kuchimba, na nguzo za kwanza kwanza zikamwonyesha alama ya shoka la makali kuwili. Jione mahali pake. Una jumba lenye vyumba na korido zisizohesabika, liko Knossos, ambako hadithi inasema palikuwa na mzingile, kuta zimejaa mashoka, na tayari mtu ameandika kwamba mzingile ni neno la shoka. Nani asingefurahi? Evans akasema hii ndiyo nyumba ya shoka la makali kuwili, ukumbi mmoja wa jumba ukapewa jina la mashoka hayo, na kutoka hapo dhana ikaingia katika vitabu vya shule bila neno "huenda".

Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi, na sitaki uondoke ukidhani Evans alikuwa mzembe. Kile kimalizio -inthos kweli ni cha kigeni katika Kigiriki. Kinapatikana katika majina ya mahali kama Korintho, na katika maneno kama asaminthos, chombo cha kuogea, na erebinthos, dengu. Mwaka 1896 Paul Kretschmer alionyesha kwamba majina yenye -nth- huko Ugiriki yanafanana na majina yenye -nd- huko upande wa Karia na majirani zake. Labraunda na labyrinthos vinaingia vizuri katika mfano huo. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, naye anasimulia kwamba Wakaria wa zamani waliishi visiwani wakawa chini ya Mino, mfalme wa Krete. Kwa hiyo daraja kati ya Krete na Karia haliko katika mawazo tu.

Kilichobadilisha mambo ni kibao cha udongo. Evans alifukua Knossos vibao vingi vya mwandiko mwingine, Linear B, akafariki mwaka 1941 bila kuvisoma. Mwaka 1952 Michael Ventris, ambaye kazi yake ilikuwa usanifu wa majengo, aligundua kwamba lugha ya mwandiko huo ni Kigiriki, cha kale kuliko chochote kilichojulikana. Kibao kimoja ni orodha ya sadaka: mtungi mmoja wa asali kwa miungu yote, na mtungi mmoja wa asali kwa da-pu2-ri-to-jo po-ti-ni-ja. Po-ti-ni-ja ni "bibi mtukufu". Neno la kwanza (ile 2 ni namba tu ya kutofautisha ishara) wengi wanalisoma kuwa "wa mzingile", yaani Bibi wa Labyrinthos. Nakiri kwamba kibao hiki kinanigusa kila mara: miaka zaidi ya 3,300 iliyopita karani aliandika hesabu ya mitungi miwili ya asali, na mungu mmoja mke akapata sawa na wengine wote pamoja.

Tazama silabi ya mwanzo. Ni da. Na hapa nataka twende polepole, maana ndipo penye ufundi wa kazi yetu.

Watu wengi hudhani kwamba kutafuta asili ya neno ni kutafuta maneno yanayosikika karibu karibu. Sivyo. Tunachotafuta ni sauti zinazopokezana kwa utaratibu. Chukua Kiswahili chetu. Mtu wa Unguja anasema macho, wa Mombasa wa asili anasema mato. Huyu anasema kucheka, yule kuteka. Huyu chui, yule tui. Ukiona mara moja utasema ni bahati. Ukiona katika maneno mengi, unajua kwamba ch hizo na t hizo zimetoka katika sauti moja ya kale, na unaweza kutabiri neno la upande wa pili kabla hujalisikia. Utaratibu huo ndio unaotupa haki ya kusema maneno mawili ni ndugu. Mfanano wa sauti peke yake hautupi haki hiyo.

Sasa turudi kwa da-pu2-ri-to. Silabi ya pili haisumbui sana, kwa sababu Linear B haikuwa na safu ya peke yake ya sauti b, hivyo ishara za p zilibeba mizigo kadhaa. Ila ya kwanza inasumbua. Mwandiko huo haukutenganisha r na l, ziliandikwa kwa ishara zilezile, jambo ambalo wengi wetu tuliokulia katika lugha za Kibantu tunaweza kulielewa bila kufafanuliwa. Kwa hiyo labyrinthos, kama ingesikika kwa l, ingeandikwa kwa ishara ya ra. Karani hakuandika ra. Aliandika da. Neno la zamani zaidi tulilonalo la mzingile halianzi na sauti inayoanza labrys.

Wanaoipenda dhana ya Mayer wana jibu, na jibu lao lina uzito. Kuna maneno mengine ambapo d na l hupishana katika eneo hilo, hasa yale yasiyo ya Kigiriki kwa asili. Odysseus ameandikwa kwenye baadhi ya vyungu vya kale kwa l, na Warumi walimwita Ulixes. Mti wa daphne, watu wa Perge waliuita laphne. Na kuna jambo la kuvutia zaidi: wafalme wa Wahiti walikuwa na cheo kilichoandikwa mara labarna, mara tabarna. Wapo wasomi wanaofikiri kwamba Labraunda na mzingile vinahusiana na cheo hicho, na shina lake ni kutawala. Wakiwa sahihi, labyrinthos ni makao ya mtawala, na shoka lilikuja baadaye kama alama ya ufalme, au halihusiki hata kidogo. Mimi naiona hoja hii kuwa na nguvu kuliko ya shoka, lakini siwezi kukuambia imeshinda. Maneno matatu au manne yanayopishana si utaratibu kama mato na macho.

Yapo mapendekezo mengine, kwa mfano kulihusisha labyrinthos na laura, neno la Kigiriki la kichochoro. Yanavutia kwa maana, yanakwama kwa sauti.

Lile la Kilatini unaweza kulitupa leo. Labrum ni mdomo, kweli, na ni ndugu wa labium ndani ya Kilatini chenyewe. Lakini Plutarch anasema wazi kwamba neno lake ni la Walidia, na Walidia hawakuwa na sababu ya kumwendea Mrumi kuomba jina la shoka. Ni mfanano wa herufi nne, ukapambwa kwa picha nzuri ya midomo. Picha ikiwa nzuri watu huacha kuuliza.

Umeuliza kwa nini wataalamu washindwe na jina la shoka, na unamkumbuka baba yako. Kwa kweli vyombo vya ufundi ni miongoni mwa maneno magumu kuliko yote, na kisanduku cha marehemu kinaweza kukuonyesha sababu. Msumari wake ulitoka katika Kiarabu, mismar. Parafujo yake ilitoka kwa Wareno, parafuso. Ila shoka lake ni mrithi wa nyumbani: Wanyarwanda na Warundi wanasema ishoka, Wakamba ithoka, kwa Kilingala ni soka, na sauti zinapokezana kama ndugu. Kisanduku kimoja, fundi mmoja, na asili tatu. Vyombo huuzwa, hutekwa vitani, huigwa na mafundi wanaohama, na jina hupanda merikebu pamoja na chuma. Kwetu tuna bahati kwamba lugha zilizotupa maneno hayo bado zinasemwa, tunaweza kuziuliza. Kando ya bahari ya Wagiriki, lugha nyingi zilikufa kabla hazijaandikwa, au ziliandikwa kwa mwandiko tusioweza kuusoma. Neno likitoka humo, limetoka gizani.

Hata pelekys, ambalo ulidhani ni la uhakika, lina utata wake, na ningependa binti yako alijue hili. Katika Sanskrit shoka ni parashu. Ndilo lililomo katika jina Parashurama, Rama mwenye shoka, ambalo jirani zako Wahindu wanalijua vizuri. Linganisha: k ya Kigiriki inapokelewa na sh ya Sanskrit katika namba pia, hekaton na shatam ni mia, deka na dasha ni kumi. Sauti zinalingana moja kwa moja. Ungesema basi, ni neno la urithi kutoka kwa babu mmoja, yaani lugha ya kale iliyozaa Kigiriki, Sanskrit na nyingine nyingi. Lakini neno hilo halina shina linaloeleweka, na lugha nyingi za ukoo huo hazinalo, hivyo wengi wanashuku kwamba liliazimwa zamani sana, kabla babu huyo hajatawanya watoto wake au muda mfupi baadaye. Kwa miaka mingi jibu lililopendwa lilikuwa Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru: pilakku, shoka. Vitabu vikanukuliana. Kisha waliokisoma Kiakadi kwa makini wakaonyesha kwamba pilakku ni kijiti cha kusokotea uzi. Hoja yote ilikuwa imesimama juu ya tafsiri ya neno moja, na tafsiri ilikuwa na kosa. Unaona jinsi wataalamu nao wanavyopatikana na yaleyale yaliyokupata wewe?

Sasa la kufanya darasani. Unaweza kuliacha somo hilo, ukawafundisha mengine. Nisingependa, maana utawanyima hadithi nzuri na utamfundisha yule binti kwamba swali lake lilifunga mlango. Unaweza kuendelea nalo ukiongeza tu "wengine husema". Hiyo ni nusu ya uaminifu, kwani mwanafunzi hajui wengine hao ni akina nani wala kwa nini wanasema. Mimi ningefundisha mwendo wenyewe: mashoka ya Krete yapo, haya hapa, sentensi ya Plutarch ni hii, inasema Walidia, Mayer alikisia hivi mwaka 1892, kibao cha asali kikasomwa baada ya 1952 kikaleta da, mjadala umefika hapa. Dakika arobaini zinatosha, na hakuna litakalokurudia.

Kuna wakati ambapo maandishi yangu hayatoshi na inakupasa umwone mtu ana kwa ana. Kama unataka kuliandika jambo hili katika kitabu cha shule, au kulipeleka kwenye mtihani, usitegemee jibu langu wala makala yoyote ya mtandaoni. Nenda kwenye idara ya isimu au akiolojia ya chuo kikuu, umwombe mkutubi akufikishie kamusi za asili ya maneno ya Kigiriki: ya Mfaransa Chantraine na ya Mholanzi Beekes, iliyotoka 2010. Zisome zote mbili pamoja. Beekes ana mwelekeo wa kuyapeleka maneno mengi katika lugha ya kabla ya Wagiriki, na wenzake wamemlaumu kwa kuvuka mpaka; Chantraine ni mpole zaidi, anasema "haijulikani" na kuacha hapo. Mtu wa fani akiketi nawe atakuonyesha wapi wanatofautiana na kwa nini, jambo ambalo barua haiwezi kulifanya vizuri.

Na kama wapo mafundi wa rika la baba yako ambao bado wanashika tezo na keekee, wafuate upesi kwa daftari. Waulize kila chombo kinaitwaje, kila sehemu ya chombo, na walijifunza jina hilo kwa nani. Nimeona kazi za namna hii zikiahirishwa mwaka hadi mwaka mpaka mzee mwenyewe akaondoka. Klabu yako ya historia inaweza kuifanya likizo hii.

Kwa kikao kijacho, andika ubaoni da-pu-ri-to-jo kwa herufi kubwa, na chini yake labrys. Usiseme kitu. Mpe chaki yule binti, umwombe azungushie duara herufi zinazolingana, na wenzake wahesabu.